Kivuli cha Karatasi na Kivuli cha Mtu

Siku hizi mteja anayeingia katika duka la picha mjini Lubumbashi, nchini Kongo, liwe la katikati ya mji au la mtaa wa Katuba, haleti filamu ya kusafishwa. Analeta simu. Ndani yake mna picha za harusi zilizopigwa na ndugu watano, picha ya ubatizo iliyopokelewa kwa WhatsApp, na picha ya picha: ile ya baba mzazi aliyefanya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines, iliyopigwa tena kwa simu ikiwa bado ukutani ndani ya fremu yake. Anataka ukurasa wa albamu, au kitabu kizima, au bango la matanga. Fundi hukata sura, huchagua karatasi za mapambo, hupanga maua, vifungo na utepe. Vyote hivyo ni faili. Hakuna mkasi wala gundi. Kinachobaki ni kuvifanya vionekane vimebandikwa kweli, na kazi hiyo hufanywa na kivuli.

Kivuli hicho kinaweza kusema mambo mawili yasiyolingana kabisa. La kwanza: karatasi hii imelala juu ya karatasi ile. La pili: mtu huyu alisimama mahali hapa. Kwenye kompyuta mbinu za kuyasema yote mawili ni karibu zile zile, na ndiyo maana mafundi wengi huyachanganya. Uchambuzi huu unaanza na lile la kwanza, ambalo lina hesabu yake, kisha unaingia katika la pili, ambalo hesabu peke yake hailimalizi.

Jicho linadai nini

Watafiti wa uonaji wameshughulika na vivuli kwa muda mrefu, na matokeo yao yanamfaa fundi wa albamu. Mwaka 1997 Daniel Kersten, Pascal Mamassian na David Knill walionyesha kwamba mpira mmoja unaopita njia ile ile kwenye skrini huonekana unateleza sakafuni au unapaa hewani kutegemea tu kivuli chake kinavyosogea. Mpira haukubadilishwa, kivuli ndicho kilichobadilishwa. Kwa mtengeneza albamu maana yake ni kwamba umbali kati ya kitu na kivuli chake ndiyo taarifa ya kimo. Ukisogeza kivuli, umeinua karatasi, utake usitake.

Upande wa mwanga nao una mazoea yake. Mwaka 1988 V. S. Ramachandran alieleza jinsi ubongo unavyokisia kuwa mwanga hutoka juu, na mwaka 1998 Jennifer Sun na Pietro Perona walionyesha kwamba watu wengi hukisia juu lakini kidogo kushoto. Kivuli kinachoanguka chini na kulia kwa hiyo hupokelewa bila maswali. Kikianguka kwenda juu, jicho hukataa kwanza, na mara nyingi karatasi iliyoinuka huonekana kama shimo.

Lakini jicho hilo hilo ni zembe. Yuri Ostrovsky, Patrick Cavanagh na Pawan Sinha walichapisha mwaka 2005 utafiti ulioonyesha kwamba watu huchelewa sana, au hushindwa kabisa, kutambua kitu kimoja kinachoangazwa kutoka upande usiolingana na vingine, isipokuwa vitu hivyo viwe vinafanana na vimepangwa kwa utaratibu. Cavanagh aliongeza kwamba wachoraji wa karne nyingi walikosea umbo na upande wa vivuli bila mtazamaji kulalamika, mradi kivuli kilikuwa cheusi kuliko mazingira yake na hakikuonekana kama kitu chenyewe.

Hapa tunapata mpangilio wa umuhimu ambao mafundi wengi huugeuza. Wao hushughulika kwanza na pembe ya mwanga. Jicho hushughulika kwanza na mguso: je, kivuli kimeshikamana na kitu pale kinapogusa ukurasa, na kimelegea pale kinapoinuka? Kisha hutazama ulaini wa ukingo, kisha uzito wa weusi, kisha rangi. Pembe huja mwisho, ila katika hali moja: ukurasa wenye picha nyingi za ukubwa mmoja zilizopangwa kwa safu, kama kurasa za wageni wa harusi. Humo, picha moja yenye kivuli upande tofauti hujitangaza yenyewe.

Namba zilizozaliwa kwenye skrini ya zamani

Kabla ya 1998 kivuli kwa kawaida kilitengenezwa kwa mkono: fundi alinakili umbo, akalijaza weusi, akalitia ukungu, akalisogeza chini ya lile la asili. Photoshop 5.0, iliyotoka mwaka huo, ilileta amri ya kufanya yote hayo kwa mbofyo mmoja. Mjini Lubumbashi, ambako kompyuta nyingi huzungumza Kifaransa, amri hiyo inajulikana kama Ombre portée, na kwa miaka mingi ilikuja na mipangilio ile ile: mwanga wa nyuzi 120, yaani juu kushoto, weusi wa asilimia 75, umbali wa pikseli 5, ukungu wa pikseli 5.

Pikseli 5 zilikuwa na maana kwenye skrini za wakati ule. Skrini ikihesabiwa kwa pikseli 72 katika inchi, pikseli 5 ni karibu milimita 1.8, kivuli kinachoonekana wazi. Albamu ya kuchapwa hutengenezwa kwa pikseli 300 katika inchi, na hapo pikseli 5 hushuka hadi milimita 0.4. Fundi akiona kivuli chake kimepotea, huongeza weusi. Akiona bado hakitoshi, huongeza tena. Matokeo ni ukingo mwembamba, mweusi, mkali, unaozunguka kila picha kama wino uliovuja. Chanzo cha kosa ni kipimo, na weusi uliongezwa kutibu ugonjwa usiokuwa wake.

Tatizo la pili la mbofyo mmoja ni usawa. Programu hutoa kivuli kile kile kwa utepe, kwa kifungo, kwa ua la karatasi na kwa picha bapa. Mezani vitu hivyo vinne vina vimo vinne. Ukurasa ambao kila kitu kimeinuka sawa huonekana kama vitu vyote vimekatwa kutoka ubao mmoja, hata kama kila kivuli, kikitazamwa peke yake, ni kizuri.

Hesabu ya milimita

Dawa ni kuanza na kitu chenyewe, kisha kugeuza kimo chake kuwa pikseli. Kwa uchapaji wa pikseli 300 katika inchi, milimita moja ni karibu pikseli 12. Mwanga ukija kwa mshazari wa nyuzi 45, kivuli husogea umbali ulio sawa na kimo. Karatasi ya picha yenye unene wa robo milimita, ikiwa imebandikwa bapa, hupewa pikseli 3. Picha iliyoinuliwa na sponji ya gundi ya milimita 2 hupewa pikseli 24. Kifungo cha milimita 3, pikseli 36. Kitu kilicho juu ya kitu kingine huhesabiwa kutoka kwenye uso kinachoangushia kivuli, si kutoka chini ya ukurasa: kifungo juu ya picha iliyoinuliwa huangusha kivuli cha milimita 3 juu ya picha, na pale kivuli hicho kinapovuka ukingo wa picha na kushuka kwenye ukurasa, huruka mbele hadi milimita 5. Wachache hufanya mruko huo, na ni alama mojawapo ya kazi ya fundi mwenye jicho.

Ukungu wa ukingo nao una sababu yake: hutokana na upana wa chanzo cha mwanga. Jua, kwa macho yetu, lina upana wa takriban nusu nyuzi. Kwa hiyo kitu kilicho mita 1 juu ya ardhi hupata ukingo laini wa karibu milimita 9 tu, na karatasi iliyoinuka milimita 2 hupata ukingo wa sehemu mbili za mia za milimita, yaani mkato mkali kabisa. Dirisha ni habari nyingine. Dirisha la upana wa mita 1, likiwa mita 2 kutoka mezani, hutoa ukingo laini wenye upana wa karibu nusu ya kimo: milimita 1 kwa ile picha ya sponji, sawa na pikseli 12.

Baada ya kimo na ukungu huja umbo. Karatasi halisi hailali bapa kila mahali. Kona hujikunja, utepe huinuka katikati na kushuka penye fundo, jani la ua hugusa ukurasa kwa ncha. Kivuli kinachofuata ukingo wa kitu kwa umbali ule ule pande zote kinakana mambo hayo. Ndiyo maana mafundi wazoefu hukitenga kivuli na kitu chake, wakakiweka katika tabaka lake, kisha wakakivuta kwa amri ya Déformation: nje kidogo penye kona iliyoinuka, ndani penye mguso. Wengine huweka vivuli viwili: kimoja chembamba na kizito kwa ajili ya mguso, kingine kipana na chepesi kwa ajili ya kimo. Tangu toleo la 2015, Photoshop huruhusu kurundika vivuli kadhaa kwenye tabaka moja; katika GIMP, ambayo ni ya bure, kazi hiyo inaweza kufanywa kwa kuongeza tabaka kwa mkono, na matokeo hayapungui.

Mianga miwili katika ukurasa mmoja

Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Oktoba na katika siku za Februari 18 au 19. Mwezi Juni, katikati ya kiangazi, jua la adhuhuri huwa kaskazini kwa kimo cha karibu nyuzi 55, na ukuta wa mita 10 huangusha kivuli cha mita 7 kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba, mvua zikiruhusu jua kutokea, ukuta huo huangusha kivuli cha mita 2 tu, kuelekea kaskazini. Mjini Brussels, adhuhuri ya siku hizo hizo za Desemba, kivuli cha ukuta kama huo hukaribia mita 36. Mandhari nyingi za kupakua, zile bustani na ngazi za hoteli zinazowekwa nyuma ya maharusi, zimepigwa katika mianga ya aina hiyo ya pili. Bibi harusi aliyepigwa picha Lubumbashi saa sita mchana, mwenye kivuli kifupi chini ya kidevu na miguuni, hawezi kuhamia humo bila mgongano.

Jua hilo ni la picha. Ukurasa wa albamu una mwanga wake mwingine. Hakuna anayefungua albamu juani. Hufunguliwa sebuleni, mezani au mapajani, kando ya dirisha. Vivuli vya karatasi, vifungo na utepe kwa hiyo ni vya dirisha: laini, vyepesi, vya upande mmoja. Vivuli vilivyo ndani ya picha ni vya siku ile picha ilipopigwa, na havidaiwi kulingana na vya ukurasa. Fundi anayejitahidi kulazimisha kivuli cha fremu kifuate jua lililo ndani ya picha anatatua tatizo ambalo halipo, na anaharibu kile kinachotofautisha karatasi na dirisha la kutazamia nje. Picha ni kitu kilicholetwa mezani kutoka siku nyingine, na hilo linapaswa kuonekana.

Weusi usio mweusi

Kivuli hakipaki rangi, kinapunguza mwanga. Chukua karatasi ya rangi ya udongo wa huku Katanga, yenye nyekundu 200, kijani 120 na bluu 60. Ukiweka juu yake kijivu cha 90 kwa hali ya kawaida na nguvu ya asilimia 50, unapata 145, 105, 75: rangi imechafuka, wekundu umekufa, kama masizi yamepakwa. Ukiweka kijivu hicho hicho kwa hali ya Produit, ambayo huzidisha namba badala ya kuzichanganya, unapata karibu 135, 81, 41: ni udongo ule ule, ila kivulini. Hatua hii moja hurekebisha kurasa nyingi kuliko mbinu yoyote ya pembe.

Hatua ya pili ni kuacha weusi mtupu. Katika chumba chenye kuta za rangi ya krimu na sakafu nyekundu, mwanga unaoruka kutoka huko huingia kivulini na kukipa joto. Hudhurungi iliyokolea, kwa asilimia 40 hadi 55, hufaa karatasi za rangi ya joto. Bluu iliyokolea hufaa karatasi za baridi. Juu ya karatasi nyeupe kivuli huonekana kizito kuliko kilivyo, hivyo hupunguzwa. Juu ya nyeusi karibu hakionekani, na hapo ni heri kutegemea ukingo unaong'aa wa karatasi yenyewe.

Hesabu zote hizi hubadilika mahali pa kutazamia panapobadilika. Ukurasa wa sentimita 30 una pikseli kama 3,540 kwa upana. Ukitumwa kwenye simu yenye upana wa pikseli 1,080, kivuli cha pikseli 24 hushuka hadi 7, na kile cha pikseli 3 hutoweka. Bango la matanga hutazamwa kutoka ng'ambo ya ua. Kwa mita 5, jicho zuri hutofautisha vitu vilivyoachana milimita moja na nusu hivi. Kivuli cha milimita 2 ni kazi bure, na lazima kikuzwe hadi sentimita 2 au kiachwe. Anayetengeneza faili moja kwa ajili ya kitabu, simu na bango anatengeneza vivuli sahihi kwa kimoja tu kati ya hivyo.

Mtu anapohamishwa

Mpaka hapa kivuli kimesema kweli iliyo nyepesi. Hakuna anayedanganyika kwamba kifungo cha faili ni kifungo cha plastiki. Msomaji wa albamu anajua mchezo na anaufurahia. Mambo hubadilika mteja anapoomba marehemu babu awekwe katikati ya wajukuu ambao alikufa kabla hawajazaliwa. Fundi hukata sura, hulinganisha rangi, kisha huweka kivuli chini ya miguu. Kivuli hicho sasa ni shahidi. Kinasema: alikuwapo.

Hoja ya kutetea kazi hiyo ina nguvu. Familia nyingi zina picha moja tu ya mzee wao, pengine ya kitambulisho. Kumweka pamoja na ukoo wake ni heshima, na ndugu wote wanajua ukweli. Hoja ya kupinga haianzi na ndugu wa leo. Albamu hudumu kuliko wanaoijua. Mjukuu wa mjukuu atauona ukurasa huo bila maelezo, na kivuli kilichotengenezwa vizuri kitakuwa kimemnyima swali ambalo angeuliza. Jicho lake halitamsaidia, kama Ostrovsky na wenzake walivyoonyesha. Mtaalamu angeweza: mwaka 2013 Eric Kee, James O'Brien na Hany Farid walieleza njia ya kupima kama vivuli vyote katika picha vinaweza kutokana na taa moja, kwa kuunganisha nukta za vivuli na nukta za vitu vinavyoviangusha. Ila hakuna familia inayopeleka albamu maabara.

Mji huu una jibu lake, na limetolewa na wasanii wake. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa 1978, alitengeneza mfululizo wa picha alioupa jina Mémoire. Alichukua watu kutoka picha za kumbukumbu za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo mali zake zilipita mikononi mwa dola kisha Gécamines, akawaweka ndani ya picha pana za rangi za viwanda vilivyochakaa. Kiufundi ni kazi ya kukata na kubandika kwenye kompyuta, dada wa ukurasa wa albamu. Lakini Baloji hakuficha kiungo. Wafanyakazi na wakubwa wao wamebaki katika picha ya nyeusi na nyeupe ndani ya mandhari ya rangi. Wapo na hawapo, na mtazamaji anajua papo hapo kwamba watu hawa na uwanja huu ni vya siku mbili tofauti. Kama angewapaka rangi na kuwawekea vivuli vya jua la leo, angepata hila nzuri na kupoteza hoja yake yote.

Nyuma yake kuna mapokeo marefu zaidi. Wachoraji wa Hangar, warsha iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 mji ukiitwa bado Élisabethville, walijaza uso mzima wa picha bila kuhitaji mwanga wa upande mmoja: samaki na ndege wa Pilipili Mulongoy, wanyama wa Mwenze Kibwanga waliojengwa kwa mistari myembamba, vidole vya Bela vilivyogeuzwa brashi. Uhai wao hautokani na kivuli kinachoanguka. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa ajili ya sebule za watu, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaikusanya na kuichapisha mwaka 1996. Picha za aina hiyo ziliitwa ukumbusho, na hakuna aliyezitazama akadhani mchoraji alisimama pale matukio yalipotokea. Zilikumbusha bila kujifanya ushahidi.

Uamuzi wa fundi

Kutokana na hayo, swali la kwanza mbele ya ukurasa linahusu kauli ya kivuli, kabla ya pembe na asilimia. Pale kinaposema "karatasi juu ya karatasi", fundi anadaiwa ukweli wote wa kimaumbile: kimo kwa milimita, ukungu wa dirisha, mguso, rangi ya karatasi iliyo chini, na kipimo cha mahali pa kutazamia. Uhalisi hapo ni adabu ya kazi, na mbofyo mmoja hautoshi.

Pale kinapotaka kusema "mtu huyu alikuwa hapa", na hakuwapo, ustadi ule ule unapaswa kutumika kinyume. Babu asitiwe kivuli miguuni. Aachwe katika picha yake ya zamani, na rangi zake zilizofifia na ukingo wake mweupe, na picha hiyo ndiyo iwekwe juu ya picha ya wajukuu, ikiangusha kivuli cha karatasi ya robo milimita au, ikiwa familia inataka kumpandisha cheo, cha sponji ya milimita 2. Atakuwa kati yao, juu yao, mbele yao, vyovyote watakavyo. Mteja akisisitiza kumwona amesimama, tarehe mbili ziandikwe chini, ya picha ya babu na ya wajukuu. Ni mstari mmoja, na hauharibu pambo lolote.

Maduka yetu yana mafundi wanaoweza kumsimamisha yeyote popote, na programu mpya za simu zinafanya kazi hiyo kwa sekunde, vivuli vikiwemo. Kwa sababu hiyo uwezo wa kudanganya jicho haumtofautishi tena fundi bora na wa kawaida. Kinachomtofautisha ni ukurasa ambao kila kivuli chake kinaweza kuulizwa kimetoka wapi, na kikajibu.